Chumba Kimoja, Barua Nne

Novemba mwaka jana, ofisi inayoshughulikia wanafunzi chuoni kwetu ilipokea barua nne ndani ya wiki moja. Zote zinaomba kitu kilekile: chumba cha mihadhara, Jumapili saa kumi jioni, kwa ajili ya ibada ya wanafunzi Wakristo. Moja ya Wakatoliki. Moja ya Waanglikana pamoja na sisi Walutheri. Moja ya walokole. Na ya nne ya walokole wengine, waliojitenga na wale wa tatu baada ya ugomvi wa spika na kinanda. Wasabato hawakuandika kwa sababu Jumapili haiwahusu, ila nao walikuwa na barua yao ya Jumamosi. Jibu lililorudi lilikuwa la mstari mmoja na nusu: kakubalianeni, leteni barua moja.

Hatujakubaliana mpaka leo. Tunasali kwa mafungu, wengine chini ya mwembe, wengine wanapanda daladala kwenda mjini. Na tukihesabiwa wote, pamoja na wale wanaoonekana Krismasi tu, hatujazi daladala tatu.

Kilichonifanya niandike ni mtu ninayekaa naye chumbani. Anatoka Wete, Pemba. Jumapili moja aliniona navaa, akauliza naenda kusali wapi. Nikamwambia Mkunazini. Akauliza, na yule jirani yetu mbona kaondoka saa nzima iliyopita, si Mkristo mwenzako? Nikamwambia yule anakwenda Minara Miwili. "Na yule mrefu wa juu?" Yule Tomondo. Akacheka, akasema, "Shoga, hebu nambie, nyie mko watatu tu humu ndani na mna makanisa matatu. Mngekuwa kumi je?"

Hakuwa na ubaya. Ramadhani ni yeye huyohuyo anayeniwekea futari nikichelewa kurudi. Lakini nilikosa jibu, na mtu akikosa jibu hukasirika. Nilikasirika mpaka nikafika Darajani.

Kwa watu wengi hapa Unguja sisi wote ni "Wakristo", na mara nyingi hata hilo halitajwi, tunaitwa "wabara" basi. Muuza urojo hajui tofauti ya KKKT na TAG, na hana sababu ya kuijua. Tofauti zetu tunazijua wenyewe, na kiukweli wengi wetu tunazijua nusunusu.

Jioni ya siku ileile nilikutana na wenzangu Forodhani. Tulikaa kwenye ule ukuta wa baharini, vijana wanajirusha majini, moshi wa mishkaki unatujia usoni. Nikaleta lile swali. Kila mmoja akajibu kama kanisa lake lilivyomlea. Mkatoliki akasema umoja upo siku zote, ni nyinyi mliotoka ndio mrudi. Mlokole akasema umoja upo, ni wa rohoni, majina ya makanisa ni mambo ya wanadamu. Halafu papo hapo akaniuliza kama nimebatizwa kwa maji mengi. Mwanglikana akasema suala hili linahitaji kamati. Mimi Mlutheri nadhani nilisema kitu kuhusu neema, sikumbuki, mishkaki ilikuwa imefika.

Tulicheka, tukarudi hosteli, na Jumapili iliyofuata tukatawanyika vilevile.

Sasa twende Mkunazini kidogo. Kila anayepita pale anajua habari ya soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere aliyelijenga amezikwa mlemle ndani, nyuma ya altare. Hayo watalii huambiwa kila siku. Wasichoambiwa mara nyingi ni kwamba kiti hichohicho cha askofu kilikaliwa baadaye na mtu aliyewasha mojawapo ya magomvi makubwa kabisa kuhusu umoja wa Wakristo katika Afrika Mashariki, ugomvi uliofika hadi kwenye magazeti ya London.

Mtu huyo ni Frank Weston. Alikuja Unguja 1898, akafundisha shule ya Kiungani, akawa Askofu wa Zanzibar 1908. Juni 1913, kule Kikuyu, Kenya, wamisionari wa makanisa mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana kwenye kituo cha Waskoti. Walikuwapo Wapresbiteri wa Skotlandi, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission, na maaskofu wawili wa Kianglikana: William Peel wa Mombasa na J. J. Willis wa Uganda. Walikuwa wamechoka kugombania vijiji. Wakaandaa mpango wa shirikisho: kila misheni iwe na eneo lake, wakubaliane mambo ya msingi ya imani, na waumini wakihama wapokewe. Siku ya mwisho wakashiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Kipresbiteri, Askofu Peel akiongoza.

Habari ilipomfikia Weston alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki maaskofu wenzake wawili kwa uzushi na mfarakano. Uzushi! Kwa kula mkate na Wapresbiteri. Davidson hakuwapeleka mahakamani. Aliunda kamati (rafiki yangu wa Forodhani angefurahi), kamati ikakaa Julai 1914, siku chache baadaye Ulaya ikaingia vitani, na majibu yakatoka 1915. Kwa kifupi yalisema kwamba ushirikiano ni mzuri, ila ibada kama ile isizoeleke. Huko Uingereza kukazuka mzaha kwamba ibada ya Kikuyu imempendeza sana Mungu, na ni marufuku kuirudia.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilimchukia Weston. Nikamwona ndiye babu wa barua zetu nne. Halafu nikazidi kusoma, mambo yakawa magumu. Mtu huyuhuyu aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar kwenye vita ile. Mwaka 1920 alichapa kijitabu cha kuishambulia serikali ya nchi yake kwa kuwalazimisha Waafrika kazi, akiwaita watumwa wa Uingereza. Mwaka 1923 alisimama mbele ya Waanglikana wenzake London, watu wa ubani na mavazi mazuri ya ibada, akawaambia kwamba hawawezi kumwabudu Yesu kwenye Sakramenti huku wanamwacha kwenye miili ya maskini. Na katika mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa 1920 aliunga mkono wito wa umoja kwa Wakristo wote. Sasa mtu kama huyo huwezi kumwita mwenye roho ndogo ukamalizana naye.

Alichokuwa anasema ni hiki: kama mimi naamini mkate huu ni kitu kimoja na wewe unaamini ni kitu kingine, kukaa meza moja tukajifanya hatujaona ni kudanganyana. Kwa hilo nadhani alikuwa na swali halali. Alipokosea ni kuanza na mashtaka. Peel na Willis walikuwa na tatizo la kweli mkononi, la watu wa kawaida wanaohama kijiji kwenda mjini na kukuta kanisa lao halipo. Weston aliwajibu kama mtu anayesahihisha mtihani.

Kingine ninachokipenda hata zaidi ya kisa chenyewe: pande hizo mbili zilizokuwa zinagombana, Mombasa na Zanzibar, hazikuwa hata na Biblia moja. Unguja walikuwa na yao, kazi iliyoanzishwa na Steere, iliyokamilika 1891 kwa Kiunguja. Mombasa wakatoa ya kwao kwa Kimvita mwaka 1914, ugomvi wa Kikuyu ukiwa bado wa moto. Baadaye Walutheri wa bara nao wakapata ya tatu: Mjerumani Karl Roehl alitoa Biblia yake 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Yaani Mkristo wa Kiswahili alikuwa na Neno la Mungu kwa tafsiri tatu na misheni tatu, na kila mmoja anaamini ya mwenzake inasomeka vibaya.

Ndipo watu wakakaa chini. Maaskofu kuombana radhi hadharani sijakusoma popote. Waliokaa ni wafasiri, neno kwa neno, hili la Kiunguja libaki, hili la Kimvita liingie. Biblia ya Union ikatoka 1952. Mpaka leo ukimkuta mlokole wa Tomondo, Mwanglikana wa Mkunazini, Msabato na mimi, wote tumeshika hiyohiyo, hata mstari tunaopigana nao tunausoma kwenye kurasa zilezile. (Na kabla mtu hajauliza: Union hiyo haihusiani na ule Muungano wa 1964, ingawa nayo ina watu wanaolalamika kwamba upande mmoja ulipewa zaidi.) Wakatoliki waliingia baadaye, kwenye Habari Njema, iliyotafsiriwa kwa ushirikiano wa pande zote mbili.

Sisemi kwamba Biblia moja iliwafanya kanisa moja. Haikuwafanya. Ninachosema ni kwamba wale ambao hawakuweza kula pamoja 1913 waliweza kufanya kazi pamoja miongo michache baadaye, na ile kazi imedumu kuliko tamko lolote.

Hata ndani ya kanisa moja mambo si mamoja. Mwenzetu mmoja Mwanglikana kutoka Dodoma alipoingia Mkunazini kwa mara ya kwanza alininong'oneza, "Hapa si kwa Wakatoliki?" Ubani unafuka, kengele inalia, padri kavaa kasula, watu wanasema Misa. Kwao Dodoma, walikolelewa na wamisionari wa CMS, ni mchungaji, ibada, gitaa na "Bwana asifiwe". Kumbe wote wawili wamo katika Kanisa Anglikana la Tanzania, jimbo moja tangu 1970. Mtoto wa Weston na mtoto wa Peel, wamewekwa nyumba moja. Hawajaacha kutofautiana, lakini padri wa Unguja akihamia Dodoma hawamwambii akabatizwe tena.

Hapo kwenye kubatizwa tena ndipo kidonda chetu cha chuoni kilipo, na nitakigusa ingawa najua kuna watu hawatanisalimia wiki ijayo.

Kuna dada mmoja wa mwaka wa kwanza, jina simtaji, Mkatoliki wa kuzaliwa, alishuka boti bandarini akiwa hamjui mtu yeyote kisiwani. Kundi moja lilimpokea. Walimtafutia godoro, walimwonyesha pa kula, alipougua homa walikesha naye. Wiki ya tatu wakamwambia ubatizo wake wa utotoni si ubatizo, wakampeleka baharini. Alipompigia mama yake simu kumweleza, mama alilia. Hakupiga kelele, alilia tu, mpaka salio likaisha. Dada akarudi kwa Wakatoliki wenzake hapa chuoni kutafuta ushauri, na kuna aliyemwambia, "Si uliondoka? Kaa huko." Leo haendi popote. Jumapili anafua.

Ni rahisi kuwalaumu waliompeleka baharini, na mimi nawalaumu. Lakini tuseme yote. Wao ndio waliomwona. Wakatoliki hawakujua kama amefika. Sisi tuliokuwa tunasema "wale walokole wanaiba watu" hatukumpelekea hata uji. Mtu aliyeachwa peke yake hajaibwa, ameokotwa. Aliyemwambia akae huko naye kamtupa mara ya pili.

Na katika haya yote kuna ujinga ambao dawa yake ni kusoma tu. Wanafunzi wengi Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri hawajui kwamba makanisa yao yanatambuana ubatizo. Mtu aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, habatizwi upya akihama kati ya makanisa hayo. Hawajui kwamba 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, jambo lililowagawa tangu karne ya 16. Tunaendeleza hosteli magomvi ambayo wakubwa wetu wameyapunguza, huku yale ambayo hawajayamaliza, kama Ekaristi, tunayarukia kwa kusema "si wote tunamwamini Yesu". Tunamwamini, ndiyo. Lakini Mkatoliki hatashiriki Meza ya Bwana kwetu na mimi sitapewa Komunyo kwake, na mlokole haamini kwamba mtoto mchanga anaweza kubatizwa. Hizo ni imani za watu, hazifutwi kwa wimbo wa pamoja.

Kuna umoja mwingine tunaoujua vizuri, wa wakati wa hofu. Asubuhi ya Jumapili, 17 Februari 2013, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi hapa Unguja alipokuwa anakwenda kuadhimisha Misa. Mwaka uliotangulia makanisa yalichomwa moto, na Novemba ya mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga naye alimwagiwa tindikali, ili mtu asije akadhani waliokuwa wanaumizwa ni wa dini moja tu. Sisi tulikuwa watoto wadogo. Ila nimeona kwamba kwenye mazungumzo yetu umoja wa Wakristo hutajwa kwa namna hiyo tu, kama ukuta wa kujifichia: tuungane kwa sababu tuko wachache. Siupendi umoja huo. Unahitaji adui ili udumu, na adui akikosekana atatengenezwa. Mwenzangu wa chumbani, yule wa futari, sitaki awe sababu ya mimi kumpenda Msabato.

Bara wakubwa wetu wamepata njia nyingine. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, CCT, waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ili hospitali na shule zao zizungumze na serikali kwa mdomo mmoja. Hawakuambiana kwanza tukubaliane kuhusu Papa. Kwenye vyuo vya huko, hata hivyo, utakuta TMCS ya Wakatoliki, USCF iliyo chini ya CCT, TUCASA ya Wasabato, CASFETA ya TAG, na TAFES inayochanganya watu wa makanisa mbalimbali. Kule wanafunzi ni maelfu, kila kundi lina ukumbi na kwaya yake. Hapa kuiga mtindo huo ndiko kumetuletea barua nne na sifuri ya chumba.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba tuandike barua moja bila kuunda kanisa jipya la chuo. Chumba kiwe cha wote, saa zigawanywe, na mara moja kwa mwezi tusali pamoja: zaburi, nyimbo, kusoma Maandiko, kuombea wagonjwa na wafiwa. Bila Meza ya Bwana, kwa sababu hapo Weston alikuwa na hoja; kwa hiyo kila mtu aende kwake mjini. Mahubiri ya kupinga ubatizo wa mwenzako yasiwemo kabisa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiguswe na suala hilo muhula mzima. Akishuka boti tumpokee kwa kamati moja, tumuulize anasali wapi, tumpeleke huko. Ndiyo, hata kama ni kwa wale tusiowapenda. Mikutano isiwekwe kati ya Ijumaa jioni na Jumamosi jua linapozama, la sivyo Wasabato tumewafukuza kwa kalenda. Na ile wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, 18 hadi 25 Januari, tuifanye kweli badala ya kubandika bango.

Nilipowasomea wenzangu pendekezo hili, mmoja alisema, "Huo si umoja, hiyo ni ratiba." Sawa, ni ratiba. Kikuyu nako walianza na ratiba: nani ahudumie eneo gani. Shirikisho lenyewe halikufika walikotaka, ila mwaka 1918 misheni zile ziliunda muungano wa ushirikiano, na kutoka humo ikazaliwa Alliance High School, 1926, palepale Kikuyu. Hata jina la shule limebeba habari hiyo. Mwingine aliuliza kwa nini walokole wakubali kunyamaza kuhusu ubatizo wakati wanaamini ni agizo. Hilo ni swali zito na sina jibu la kumridhisha. Nimemwambia tu kwamba simwombi aache kuamini, namwomba amngojee mtu apate marafiki kwanza, ajue anachokiacha. Akasema atafikiri.

Barua nimeshaiandika, iko kwenye simu. Mwenyekiti wa Wakatoliki amekubali kuweka jina. Waanglikana wanataka neno moja libadilishwe. Kundi la pili la walokole wamesema wanaliombea, na la kwanza wamesema watasaini endapo la pili watasaini. Mwenzangu wa chumbani aliisoma jana usiku kabla sijalala, akanisahihishia Kiswahili sehemu mbili, akanirudishia simu. "Hapa kwenye jina la kikundi mbona pamebaki wazi?" Nikamwambia jina bado. Jumapili saa kumi, chini ya mwembe, anayetaka kuja kulitafuta aje. Yule dada anayefua Jumapili nimeshampelekea ujumbe, na alama mbili za bluu nimeziona.